Kamba wa Pilipili na Mkono Uliowapika

Mwaka 1490 hapakuwa na mtu hata mmoja Lisbon aliyewahi kuonja pilipili nyekundu. Goa hapakuwa na mtu, Kilwa hapakuwa na mtu. Chakula kilipotakiwa kiwe kikali kilitiwa tangawizi, haradali au pilipili manga, na hiyo pilipili manga ya pwani ya Malabar ilikuwa mojawapo ya mambo makubwa yaliyowatoa Wareno kwao. Vasco da Gama alipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji, kisha Mombasa, kisha Malindi, mwaka 1498, alikuwa njiani kuifuata Calicut. Pilipili nyekundu ilikuwa imetoka kwa wenyeji wa Amerika, waliokuwa wameilima kwa maelfu ya miaka. Safari za Columbus, zilizoanza mwaka 1492, ndizo zilizoivusha Atlantiki, na haikupita karne moja merikebu za Kireno zikawa zimeifikisha Afrika Magharibi, Msumbiji, India na mbele zaidi. Walitoka kwao kutafuta pilipili moja, wakaishia kueneza nyingine.

Naanza na hili kwa sababu chakula ninachotaka kukizungumzia kinaitwa cha Kireno. Ni kamba waliokaangwa kwa mafuta, kitunguu saumu, pilipili kali na ndimu. Menyu za mahoteli hukiita hivyo, mapishi yanayopitishwa mkono kwa mkono hukiita hivyo, na sisi wapishi wa nyumbani tumelipokea jina bila kuuliza. Mimi nakipenda mno chakula hiki. Nakipika nyumbani kwangu Dar es Salaam kila kamba wanapokuwa wazuri na mfuko unaporuhusu, na kwa kuwa nakipenda, nataka haki itendeke juu yake.

Kamba wanaanzia Feri, kwenye soko la samaki. Ukiwahi asubuhi, jua halijawa kali, utawakuta kwenye mabeseni: kamba weupe wanaokaribia kuonekana hadi ndani kama kioo, na pembeni yao wale wakubwa wenye milia ambao bei yao huwafanya watu wapite wakiwatazama tu. Chagua walio wagumu mkononi, wanaonukia bahari. Ambaye kichwa chake kimeanza kuwa cheusi, au kinaning'inia kana kwamba kinataka kudondoka, mwache alale hapo. Kijana anayewatengeneza aliniuliza siku moja, kisu kikiwa tayari mkononi, "Mama, nikukatie vichwa?" Kabla sijajibu, mzee aliyekaa nyuma yake akasema, "Mwachie, mwanangu. Kichwa ndicho mchuzi."

Mzee yule alisema kweli ambayo migahawa mingi imeisahau. Kichwani mwa kamba mna kiungo kimoja kinachofanya kazi ambayo kwetu wanadamu hufanywa na ini na kongosho. Humo ndimo yamo mafuta yake, na humo ndimo ilimo ile ladha nzito inayomfanya mtu arambe vidole. Lakini humo humo mna vimeng'enya vya kusagia chakula, na kamba akishakufa vimeng'enya hivyo huanza kuila nyama yake mwenyewe na kuifanya ilegee kama uji. Kwa hiyo kichwa kinachompa kamba utamu ndicho kinachomharibu akikawizwa. Dawa ni barafu tangu anapotoka majini, na kumpika siku hiyo hiyo. Ukiweza hayo mawili, usikubali kisu kiguse vichwa sokoni.

Kamba mweupe huyu, ambaye wataalamu humwita Penaeus indicus, hana pasipoti. Ndiye yule yule anayevuliwa delta ya Rufiji, ndiye anayevuliwa Sofala, ndiye wa pwani za India. Maisha yake ni mafupi, na yana safari mbili. Mayai hutagwa baharini. Vifaranga, wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, husukumwa na maji hadi kwenye mikoko, wakajificha kwenye tope na mizizi, wakala na kukua. Wakipevuka hurudi baharini kutaga. Hakuna mikoko, hakuna kamba, na mikoko nayo inaishi kwa kile ambacho mto unakileta kutoka bara: maji baridi, tope, rutuba.

Wanaokula kamba wa Msumbiji wana sababu ya kulijua hili. Mwishoni mwa mwaka 1974 bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa kwenye mto Zambezi, na mafuriko ya masika yaliyokuwa yakishuka kila mwaka hadi deltani yakafungiwa nyuma ya ukuta. Watafiti wa bahari walipolinganisha maji ya mto na mavuno ya wavuvi kwenye maji mafupi ya Sofala, waliona kuwa viwili hivyo vinafuatana: mto ukimwaga maji mengi wakati wa mvua, kamba huwa wengi. Nasi tunalo letu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na chini yake, mwisho wa mto, ipo misitu ya mikoko ya Rufiji, iliyo mikubwa kuliko mingine yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Umeme tunauhitaji, sina ubishi na hilo. Ila mtu anayenunua kamba wa Rufiji ana haki ya kuuliza ni maji kiasi gani yanaachiwa yashuke, na msimu gani, maana wavuvi wa delta wataanza kulipa kabla yetu sisi wa mjini hatujaona tofauti kwenye beseni.

Nirudi jikoni. Nikishawaosha, navivunja vichwa na kuyavua maganda, kisha nayaweka yote kwenye kikaango chenye mafuta, kwa moto wa wastani. Hakuna haraka hapa. Maganda yaliyokuwa ya kijivu yanageuka rangi ya chungwa, kisha mafuta nayo yanaanza kugeuka. Mtu asiyejua hudhani rangi ile imetoka kwenye pilipili. Imetoka kwa kamba. Rangi nyekundu, iitwayo astazanthini, ilikuwamo mwilini mwake muda wote, ila ilikuwa imefungwa ndani ya protini inayoifanya ionekane kijivu au samawati. Moto unapoivunja protini hiyo, rangi inafunguka, na kwa kuwa haiyeyuki katika maji, inakimbilia mafuta. Nabonyeza vichwa kwa mwiko hadi vitoe vyote vilivyomo, kisha nachuja. Ninachobaki nacho ni mafuta ya rangi ya machweo, yenye harufu ambayo jirani wa ghorofa ya juu hutaka kujua imetoka wapi.

Ndipo pilipili inaingia. Natumia pilipili kichaa, zile ndogo zilizosimama wima kwenye mti, nne au tano kwa nusu kilo ya kamba, zilizotwangwa pamoja na chumvi. Nazo zinatawaliwa na kanuni ile ile. Kinachowasha ndani yake ni kapsaisini, na kapsaisini haina urafiki na maji. Mafuta ndiyo yanayoichukua na kuipeleka kila pembe ya chakula. Pilipili iliyotupwa juu ya mchuzi wa maji hukaa mahali pamoja ikikusubiri uitafune. Iliyoiva taratibu kwenye mafuta huwa imeenea, na ukali wake unafika polepole, ukipanda kutoka nyuma ya ulimi. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyezidiwa na pilipili hasaidiwi na glasi ya maji. Mpe maziwa au mtindi.

Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake, wakiwa California, waligundua kipokezi cha kwenye neva kinachoitikia kapsaisini. Kikaonekana ndicho kile kile kinachofunguka joto linapopita nyuzi 43 hivi, kiwango ambacho mwili huanza kukihesabu kuwa cha maumivu. Julius alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo mtoto anayelia mezani kuwa mdomo wake unaungua hajatia chumvi: neva zake zimemletea habari ya moto, na yeye anatoa taarifa kama alivyoipokea. Ndege wao hawapati habari hiyo. Kipokezi chao hakiitikii kapsaisini, wanakula tunda zima bila taabu, kisha wanazipanda mbegu huko watakakotua. Ndivyo mmea wa ng'ambo ulivyoota kwenye nyua zetu na vichaka vyetu kana kwamba ulikuwapo tangu enzi za mababu, na mtu hakumbuki aliyeuleta.

Kitunguu saumu hakina subira ya kichwa cha kamba. Kina sukari, na sukari huungua haraka ikawa chungu, na uchungu huo hautibiki kwa ndimu wala kwa siagi. Nakikata vipande vyembamba, nakitia kwenye mafuta yaliyopoa kiasi, moto mdogo kabisa, nakiondoa kwenye moto kabla hakijawa kahawia. Sehemu hii, kwa kusema ukweli, ndiyo ya Ureno. Saumu iliyolainishwa kwenye mafuta ya zeituni ni sanaa ya watu wa rasi ya Iberia, na hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Huko kwao wengi huongeza mvinyo mweupe, wengine wiski. Jikoni kwangu havitiwi, na chakula hakipungukiwi: maji kidogo yaliyochemshiwa maganda na kamuo la ndimu vinafanya kazi hiyo.

Sasa jina.

Chakula hiki, kama tunavyokijua leo, na pilipili yake na kamba wake wakubwa, kilipata sifa katika Msumbiji, na zaidi katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Ulifanywa makao makuu ya koloni mwaka 1898, na wageni kutoka Afrika Kusini walikuwa wakija huko kupumzika na kula kamba. Nyumba za makarani, wafanyabiashara na maofisa wa Kireno zilikuwa na wapishi, na wapishi hao walikuwa Waafrika, wengi wao wanaume waliotoka vijijini kutafuta fedha ya kodi. Hao ndio waliokuwa wakisimama mbele ya mkaa. Hao ndio waliojua pilipili ipi ichumwe mbichi na ipi iachwe ikauke, kwa kuwa makwao walikuwa wameila tangu utotoni. Bibi wa nyumba alileta mafuta na saumu na kumbukumbu za Lisbon au Porto. Mkono ulikuwa wa mpishi, na hakuna aliyeandika jina lake.

Wakati huo huo palikuwa na sheria. Mfumo wa indigenato, uliodumu hadi ulipofutwa mwaka 1961, uliwagawa wakazi wa koloni mafungu mawili: raia, na wenyeji wasio na haki za raia, ambao wangeweza kulazimishwa kazi. Mwafrika aliyetaka kuvuka mstari huo alipaswa kuthibitisha kuwa anazungumza Kireno, ana kipato, na ameacha desturi za kwao akaishika mila ya Mreno. Ndipo angepewa karatasi. Nikilifikiria hilo nikiwa nimesimama mbele ya kikaango, hasira hunipanda hata leo. Sheria ilimtaka mpishi aache chakula chake na namna yake ya kula ili ahesabiwe mtu kamili, na chumba cha pili bwana aliyeitunga alikuwa mezani akimega mkate na kuuchovya katika pilipili ya mpishi huyo huyo. Akakipenda chakula. Akakipa jina lake.

Pwani ya Waswahili ina hesabu yake ya zamani na Wareno. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa ukaporwa, na wiki chache baadaye Mombasa ikachomwa. Na mji huu ninamopikia ndimo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilimoundwa tarehe 25 Juni 1962, na ndimo kiongozi wake, Eduardo Mondlane, alimouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Vijana wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuja kwetu wakiwa mikono mitupu, wakarudi kupigana, na uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo anayeniuliza inakuwaje mtu wa mji huu apike chakula cha Mreno kwa furaha, namjibu kwamba sipiki chakula cha Mreno. Napika chakula cha watu waliotawaliwa na Mreno, ambacho yeye alikula.

Ukipanda kaskazini mwa Msumbiji utaona jambo hili waziwazi zaidi. Kwenye visiwa vya Ibo na Quirimba, ambako wenyeji huzungumza Kimwani, lugha ambayo Mswahili akitega sikio atashika mengi, kamba huingia kwenye tui la nazi. Wana matapa pia, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa karanga na nazi, mara nyingi na kamba ndani yake, na mlaji wa kisamvu kutoka Mtwara au Tanga hana haja ya kuelezwa anakula nini. Hakuna anayethubutu kuiita matapa chakula cha Kireno. Kamba wa pilipili amechukuliwa kwa sababu alifika kwenye meza ya mkubwa.

Baada ya mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974, Wareno kwa mamia ya maelfu waliondoka Msumbiji na Angola wakarudi Ureno, nchi ambako baadhi yao hawakuwahi kuishi. Walipungukiwa na mengi, lakini ndimi zao zilikuwa zimeshazoea. Chupa ya pilipili ndani ya mafuta ambayo leo utaikuta kwenye meza za migahawa ya Ureno ina deni kubwa kwa makoloni yale, na haielekei kuwa ingekaa hapo bila ya wapishi wasio na majina.

Lakini liko jambo moja lililonishangaza na kunifundisha. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, miji ya Fall River na New Bedford imejaa watu wenye asili ya Ureno, hasa wa visiwa vya Azores, ambao wazee wao walivuka bahari kufuata kazi za meli za nyangumi na viwanda vya pamba. Afrika si kwao. Na kwenye migahawa yao chakula kinachopendwa sana ni kamba katika mchuzi wa saumu, siagi, bia na pilipili, wenye rangi ya manjano iliyokolezwa kwa viungo vya pakiti, unaomwagwa juu ya wali na chipsi. Wanakiita kamba wa Mozambique. Sidai kuwa mpishi wa Maputo angekitambua chakula hicho akikiona. Rangi ile ingempa mashaka, na bia vilevile. Jina ndilo wamelitunza. Watu walio upande wa pili wa dunia, ambao wengi wao hawajapata kukanyaga Msumbiji, wanamtaja mwenye chakula kila wanapoagiza. Sisi tunaopakana na Msumbiji kwa mto, tuliokaa na wakimbizi wake na kuzika mashujaa wake, tunaandika kwenye menyu zetu kuwa ni cha Mreno.

Kumalizia kupika ni kazi ya dakika chache. Mafuta ya vichwa yakiwa yameshabeba saumu na pilipili, nayamimina nusu kwenye kikaango, naongeza moto hadi mwisho, nawapanga kamba waliokaushwa kwa kitambaa bila kuwabananisha. Wakibananishwa hutoa maji wakachemka badala ya kukaangika. Dakika moja na nusu upande mmoja, wanageuzwa, dakika moja upande wa pili. Kamba aliyejikunja nusu duara ameiva. Aliyejikunja hadi ncha zake mbili zikagusana amekuwa mpira. Nazima gesi, namimina mafuta yaliyobaki na saumu yake, kijiko cha siagi, ndimu nzima, kotmiri iliyokatwakatwa. Ndimu isiguswe na moto, maana harufu yake itaondoka na mvuke. Mkate uwe karibu, na watu wawe wameshakaa, kwa kuwa kamba hawamsubiri aliyekwenda kunawa.

Wenye mahoteli na wachapishaji wa mapishi, kubadilisha mstari mmoja kwenye menyu hakuna gharama. Andikeni: kamba wa Msumbiji. Nawe unayepika nyumbani, wageni wakikuuliza umewapikia nini, waambie hivyo hivyo, na wakiuliza kwa nini, waeleze habari za yule mpishi.